Nani Kafariki Huko Matema?

Wadogo zangu wa ofisini, Neema na Shabani, nimeambiwa meza yangu mmeshaigawana na kiti mmekipigia kura. Sina kinyongo. Kile kiti ndicho kilichonimaliza mgongo, kikisaidiana na barabara. Daktari aliweka picha ya pingili zangu kwenye taa, akaniongoza kwa ncha ya kalamu kama fundi anayekuonyesha gari lilipogongwa, akasema safari ndefu basi. Kwa hiyo mimi ni mstaafu. Nina miaka thelathini na mbili. Hapa Mchafukoge wameshanipa jina, Bibi Pensheni, na watoto wa ghorofa ya chini wakipishana nami kwenye ngazi wananipa shikamoo ya utani. Naitikia marahaba kwa sauti nzito, tunacheka, yanaisha.

Ila kukaa ndiko siwezi. Leo nimepanga vyombo, nikavipangua, nikashuka kununua nyanya wakati nyanya ninazo. Mama akasema, "Wewe mtoto, tafuta kitu cha kushika mkononi kabla hujanibomolea nyumba." Nimeshika kalamu. Nitawaandikia ya kazini, yale ambayo Baba Glory hatawaambia kwa sababu yeye bosi, na bosi anakumbuka mapato tu. Habari za mshahara na vyeo naziruka. Mshahara mnaujua. Cheo changu kilikuwa kimoja, "wewe dada."

Nilianzia kwenye mizigo. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, matokeo tuyaache yalale, nikapata kibarua kwenye ofisi ya kusafirisha mizigo mikoani, mtaa wa nyuma ya soko la Kariakoo. Kazi yangu ilikuwa maka peni. Kuli anatua mzigo, mwenye duka anataja jina la mteja na anakokwenda, mimi naandika juu ya kiroba kwa herufi kubwa: MAMA SUZI, NAMANYERE. BABA KULWA, KIBONDO. Nikafundishwa niandike juu na ubavuni, maana mzigo ukishapakiwa hujui utalala kwa upande gani. Siku ya kwanza nilirudi nyumbani vidole vyeusi na kichwa kimejaa majina. Liwale. Mlimba. Kasulu. Tunduru. Nikawa nalala nawaza, hivi huyo Mama Suzi akifungua belo lake asubuhi, dukani kwake kunaonekana nini mbele? Mlima? Mto? Shule? Mimi wakati huo mbali kabisa nilikofika ni Chalinze, tena gari iliharibika.

Nikiuliza makuli kukoje huko, wananijibu, "Mbali." Basi.

Ndivyo nilivyoingia kwa Baba Glory. Alikuwa na ofisi yake ile ile mnayoijua, ghorofa ya kwanza juu ya duka la vyombo, anapanga safari za vikundi. Nilipanda ngazi nikamwambia nataka kazi ya kupeleka watu sehemu. Akaniuliza sehemu gani nimewahi kwenda. Nikamtajia wilaya zote nilizoziandika kwenye viroba. Alicheka mpaka akavua miwani, akaniambia nianze kesho yake.

Kikundi ni kikundi, mnakijua: akina mama wanaouza pamoja, wanachanga mwaka mzima, mwisho wa mwaka wanashona sare moja na kutoka kupumua. Na wote wanataka kule kule. Zanzibar, Arusha, basi, na wenye roho ngumu wanasema Mwanza. Baba Glory aliniambia siku ya kwanza, "Dada, hizi safari zinajiuza zenyewe. Wewe kazi yako ni kuhesabu vichwa na kubeba dawa ya kichefuchefu." Ni kweli. Nimepeleka watu Zanzibar mpaka mfanyakazi mmoja wa bandarini akawa ananiuliza kama nimehamia. Sisemi pabaya, pazuri sana. Ila kila kikundi kilipiga picha pale pale, kikala pale pale, kikarudi na viungo vile vile vilivyopo Kariakoo. Nilikuwa nakaa nyuma kwenye boti miguu inanicheza, nawaza Liwale.

Mwalimu wangu hakuwa Baba Glory. Alikuwa Kaka Athumani, dereva wa Kosta, basi letu dogo, mtu wa Nachingwea, mwembamba, mwenye kofia ya kufuma asiyoivua hata jua likiwa utosini. Yeye alishafika kila mahali nilikoandika. Aliyonifundisha nawaachia kama yalivyo. Limau linashinda dawa ya kichefuchefu, likatwe kabla ya kupanda mlima Kitonga na siyo katikati. Njia usimuulize bodaboda, atakuelekeza njia ya pikipiki. Muulize mama mwenye genge, yeye analetewa bidhaa na gari. Ukihitaji choo cha watu wengi, tafuta kanisa au msikiti, salimia vizuri, na ukiacha kidogo kwenye sanduku watakukumbuka ukirudi. Na salamu ya mahali ijue kabla hujafika. "Ukimsalimia mtu kwa lugha ya kwao," alisema, "hata ukikosea, ataanza kwa kucheka. Mtu anayecheka hakufukuzi."

Huyo ndiye aliyenisukuma. "Dada, wewe kila siku unaniuliza kukoje. Kwa nini usiwauzie watu waende wakaone?"

Nikajaribu. Hapo ndipo nilipokutana na ugonjwa wa mji wetu. Mwambie mtu wa Kariakoo unakwenda Zanzibar, atakuambia "Uniletee karafuu." Mwambie unakwenda Kondoa, atasimama, atashusha sauti, atakushika mkono: "Pole sana. Nani kafariki?" Kwetu mkoani kunakwendewa msiba au harusi, na kwa Wachaga, Krismasi. Kwenda bila sababu hakumo vichwani. Mwaka mzima nilikuwa nawauzia watu safari, wao wananipa pole.

Kikundi kilichokubali ni kimoja, Kikundi cha Korido. Mnawafahamu, wale akina mama wanaouza vitenge kwenye korido ya soko. Mwenyekiti wao ni Mama Eliya, Mchaga wa Marangu, mwanamke mkubwa mwenye sauti ndogo, na akisema jambo korido nzima inafuata. Alikubali kwa sababu alikuwa amechoka boti, inamtapisha. Nilimwambia Matema, ufukwe wa Ziwa Nyasa, milima imesimama mpaka kwenye maji, vyungu vya Wakisi vinapangwa mchangani kama mikungu ya ndizi. Nilimweleza kwa mikono miwili. Kumbe sijafika hata mimi. Yote nilipewa na Athumani.

Bi Mwanaidi, mtu wa Mtwara anayeuza meza ya pili kutoka kwa Mama Eliya, alipinga hapo hapo. "Matema ndiyo wapi? Nikirudi nimwambie nani kuwa nimetoka Matema? Zanzibar hata mwizi anaijua!"

"Utamwambia mumeo," Mama Eliya akajibu.

"Mume wangu atanipa rambirambi!"

Baba Glory alinikalisha akafunga mlango siku hiyo. Alikuwa na hofu, na alikuwa na haki. Korido ndiyo iliyokuwa inamletea vikundi vingine vyote. Mama Eliya akisema ofisi fulani haifai, sokoni wanaijua habari kabla ya mchana. "Safari moja," akaniambia. "Mama Eliya akirudi akasema nzuri, safari za namna hiyo ni zako, meza yako, watu wako. Akirudi amenuna, sitaki kusikia jina la wilaya yoyote humu ndani. Utauza Zanzibar na utaacha kuota. Tumeelewana?"

Nikasema tumeelewana.

Nilijiandaa kama bibi harusi. Nikawapa ushauri kwenye sare: wachague bluu iliyokolea, haionyeshi vumbi. Wakashona gauni refu na kilemba, wakatoka wamependeza mno, bluu tupu na ua jeupe dogo. Tukaondoka alfajiri, tukapanda Kitonga na malimau yetu, tukalala Makambako kwenye baridi iliyomfanya Bi Mwanaidi atangaze kwamba Zanzibar hawana kitu kama hicho. Asubuhi tukaendelea. Baada ya Tukuyu njia inateremka, migomba imefunga pande zote, halafu joto linakupokea kama umefunua sufuria, na kakao imeanikwa barazani kwa watu. Akina mama walianza kuchungulia. Bi Mwanaidi alikuwa anauliza bei ya mchele kila tukipunguza mwendo. Nikasema moyoni, tumeshapona.

Kilomita chache kabla ya ziwa tulikuta njia panda. Athumani akasimama amuulize mama wa genge, kama kawaida yake. Kabla hajafungua mdomo, watu wakaja mbio kutoka kwenye migomba. Mzee mmoja aliyevaa koti akafungua mlango wa Kosta mwenyewe, akatazama zile bluu zote, akawa kama ametuliwa mzigo.

"Watu wa Dar mmefika!" akasema. "Poleni na safari. Poleni sana na msiba. Karibuni, karibuni, tulikuwa tunawangoja ninyi."

Nyuma yake niliona turubai, viti vya plastiki, na wanawake wengi wamekaa chini kwenye mikeka.

Sasa nyie niambieni, mtu wa kwetu anafanya nini hapo? Mgeni wa nchi nyingine angesema samahani, siyo sisi. Mama Eliya alifunga kilemba vizuri akashuka. Wakamfuata wote. Mtu hapiti msibani akaenda kuoga ziwani. Na hakuna aliyeuliza msiba ni wa nani, kwa sababu kila mmoja alidhani mwenzake ndiye aliyefiwa na ameona aibu kusema. Niliwasikia wananong'ona kwenye mstari wa kushika mikono.

"Ni wa kwako, Mama Jeni?"

"Mimi kwetu Singida! Labda Bi Mwanaidi."

"Mimi? Mimi wa kwetu tunawazika Mtwara!"

Wakasimama, wakafikiri, halafu vichwa vyote vikageuka kwangu. Nikaona jinsi wanavyopiga hesabu. Huyu binti mwaka mzima anatushawishi kuja mahali pasipojulikana. Kachagua sare ya rangi iliyopoa. Kumbe.

Mama Eliya alikuja akanikumbatia kwa mikono yote miwili. "Mwanangu, pole sana. Ungetuambia tu tangu Dar. Tungekuja. Kulikuwa na haja gani ya kutupamba na habari za vyungu?"

"Mama, sijafiwa."

"Ndiyo, mwanangu. Lia tu."

"Mama, kweli! Sina ndugu huku hata mmoja!"

Aliniachia, akanitazama. Nikaona sura yake inavyobadilika, na nikajua meza yangu imekwenda na maji. Alitazama turubai, akatazama Kosta, akasema taratibu, "Kwa hiyo sisi tunafanya nini hapa?"

Nilimtafuta yule mzee wa koti mbio. Alikuwa mdogo wake marehemu. Marehemu alikuwa dada yake, bibi mtu mzima. Binti wa marehemu, Atupele, anafanya biashara Dar na alipiga simu kwamba anakuja na wenzake wa sokoni. Mazishi yalikuwa yanawangoja wao. Nikamwambia ukweli wote, kwa heshima, huku nimekunja mikono: baba, mmetufananisha, sisi siyo hao, sisi ni watalii.

Mzee alinitazama kwa huruma. "Watalii ni Wazungu, mwanangu," akasema. "Kaa ule."

Niliporudi kumweleza Mama Eliya, nilikuwa nimechelewa. Bi Mwanaidi alikuwa ameshafika jikoni. Alikuta wanawake wachache wamezidiwa, sufuria tatu, watu wanazidi kumiminika, akavua viatu. "Huu mchele wa Kyela nimeununua Kariakoo maisha yangu yote, leo nimeukuta kwao halafu mnaupika uji? Sogea, mama, nipe mwiko." Wengine walikuwa wanamenya ndizi. Mama Jeni alikuwa anaosha sahani na wanawake watatu wanaomfundisha salamu na kumcheka. Mama Eliya alisimama pembeni kidogo. Kisha akapitisha kitambaa kati ya watu wake, wakaweka mchango, akaupeleka kwa mzee kwa mikono miwili kama mtu aliyetoka nyumbani kwa ajili hiyo.

Mimi nilichota maji. Sikuweza kusimama mahali pamoja. Kila ndoo niliyotua nilimtazama Mama Eliya usoni nijue kama amenuna, nikachukua nyingine.

Mchana umeshageuka, bodaboda mbili zikaingia. Waliopanda walikuwa Atupele na mwenzake mmoja tu. Gari yao, Noah, ilikuwa imekufa Chimala, wenzake wengine wamebaki nayo barabarani. Alishuka na vumbi mpaka kwenye kope, akawa anatembea ameinamisha kichwa, na mtu yeyote aliyekulia kwetu angejua anachowaza. Ameishi Dar miaka, kasema naja na watu, mama yake amelala pale, na yeye amekuja mikono mitupu. Akainua macho. Akaona wanawake wa mjini wamejaa jikoni kwao, sare moja, wanapika.

Alisimama kabisa. "Ninyi ni akina nani?"

Nilifungua mdomo nieleze, Mama Eliya akanipita.

"Sisi wa Korido, Kariakoo. Wewe unauza wapi, binti?"

"Mchikichini. Nguo za watoto."

"Basi siyo mbali," Mama Eliya akasema, akamkumbatia, na yule dada akalia kilio ambacho nadhani alikuwa amekibeba tangu Dar.

Tukazika. Tukala. Ziwa tuliliona kesho yake asubuhi kidogo tu, mzee wa koti ametuongoza mwenyewe. Milima ilisimama pale pale nilipokuwa nimeiweka kwa mikono. Vyungu vilikuwepo. Akina mama waliingia majini na gauni zao, wakanawa nyuso, wakatoka. Hakuna aliyepiga picha. Simu zilikuwa zimekwisha chaji kwa kumulikia jikoni. Kisha ikawa safari ya kurudi, na garini wakanyamaza. Bi Mwanaidi peke yake alisema, "Nimekwenda Matema, nimeshika mwiko," halafu akalala.

Athumani alinitazama kwenye kioo. "Wamechoka tu," akasema. Mimi nilikuwa naandaa maneno ya kumwambia Baba Glory.

Baada ya kurudi Mama Eliya hakuja ofisini siku ya kwanza wala ya pili. Nilipita korido mara nne nikijifanya natafuta kitenge. Ananisalimia, anahudumia wateja, basi. Baba Glory alikuwa ameshapata habari kwa watu. Hakunigombeza. Aliweka tu picha ya boti ya Zanzibar juu ya meza yangu.

Siku aliyokuja Mama Eliya, alipanda ngazi zile akihema, akakaa. Baba Glory akaanza yeye, kwa sauti ya kuomba radhi. "Mama, poleni. Nimesikia. Mmekwenda kupumzika mkakuta msiba wa watu."

"Hatukuukuta," Mama Eliya akasema. "Tulikuwa nao."

"Ndiyo, mama. Safari ijayo tutawapeleka Zanzibar, na ofisi itawapunguzia."

"Baba Glory. Zanzibar nimekwenda mara tatu. Nikiondoka, hakuna mtu Zanzibar anayejua kwamba nimeondoka. Wale watu wamenipigia simu tulipolala Makambako, wamenipigia Morogoro, jana usiku wamenipigia kuuliza kama miguu imepungua kuvimba. Kwenye arobaini ya marehemu wametuita. Atupele anakuja na wenzake wa Mchikichini, kwa hiyo Kosta moja haitoshi." Akanigeukia. "Na wewe, safari hii usituambie sare rangi gani. Tunavaa ya njano."

Nilitoka nje nikasimama kwenye ngazi. Nilishindwa kulia na kucheka, nikawa narukaruka kama mtoto. Muuza vyombo wa chini akapiga kelele kwamba ninamvunjia sahani.

Meza ikawa yangu. Tukaenda Kondoa, tukaenda Ukerewe, Mbamba Bay, Lushoto ya ndani kabisa ambako Kosta ilirudi kinyumenyume. Namanyere nilifika, na nilimtafuta Mama Suzi. Duka lake linatazamana na duka jingine. Nilifurahi vile vile. Miaka imepita, mgongo ukaanza kuniambia mambo, sikuusikiliza, mpaka ukanilaza.

Sasa nasikia Baba Glory anawauliza kama safari hizo ziendelee au zifungwe nami, na nasikia Shabani kasema Zanzibar haina usumbufu. Ni kweli haina. Ila jana Mama Eliya amepanda ngazi za kwetu na mfuko wa machungwa. Korido wanataka Liwale. Ameniuliza nani atawapeleka. Nimemjibu Neema, bila kumuuliza Neema, kwa hiyo Neema, fungasha. Shabani, wewe tafuta malimau. Athumani njia anaijua, ni karibu na kwao, ataringa mpaka mchoke.

Mnaondoka Jumamosi alfajiri. Nitakuja kuwaaga, nimeshamwambia mama kwamba nakwenda kuaga tu. Mkiniona nimepanda nimekaa kiti cha nyuma, nasema nasogea kidogo naishia pale mji unapoisha, nishusheni. Nitabishana, nitawatajia mpaka mambo ya heshima kwa wastaafu. Nishusheni. Ila tafadhali, msinishushe kabla mji haujaisha.